Siku Tulipokivunja Kigae cha Kibakwe

Wanangu mnaoingia kwenye kazi ya vifaa vya ujenzi, nianze na jambo ambalo mashine zenu haziwafundishi. Kabla hamjakiweka kigae kwenye kipimo chochote, kishikeni ukingoni kwa vidole viwili, kining'inie, kisha mkigonge kwa kifundo cha kidole. Kigae kizima kinalia kama chungu kilichoiva vizuri motoni. Chenye nyufa za ndani, hata kama jicho halioni kitu, kinajibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Fanyeni hivyo kwanza, halafu ndiyo mwende kwenye kompyuta zenu.

Mimi naitwa Salama, mzaliwa wa Kondoa. Nilisomea uhandisi, na kazi yangu yote niliifanyia Dodoma, kwenye karakana ya vifaa vya ujenzi iliyokuwa pembeni mwa mji. Wahandisi wengine ukiwauliza kazi yao watakuonyesha daraja au ghorofa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvunja. Nilivunja vigae ili niweze kusema vingine vitavunjika lini, na vitavunjikaje. Mama yangu alipata tabu sana kuwaeleza majirani.

Karakana yetu ilitengeneza vigae vikubwa vya kuezekea, vyenye mawimbi kama bati, kwa saruji, mchanga na nyuzi fupi za mkonge. Saruji peke yake ni ngumu lakini haina uvumilivu, ukiipinda kidogo inakatika. Nyuzi ndizo zinazoishika. Ufa ukitaka kupita, unakuta uzi umelala katikati ya njia, umejishikiza huku na huku. Ili ufa upanuke, lazima uuchomoe ule uzi, na kuchomoa uzi kwenye saruji ni kazi. Waliojenga nyumba za tembe huku kwetu walilijua hilo walipokanyaga udongo na majani makavu. Sisi tuliongeza hesabu tu.

Na hesabu ilianza na urefu. Wiki yangu ya kwanza nilipewa panga, gogo na mzigo wa mkonge, nikaambiwa nikate. Nikataka kuonyesha bidii. Nikakata fupi kweli, kama tumbaku ya ugoro. Fundi wetu mkuu wa kufyatua vigae, Yohana, Mgogo mmoja mrefu mwenye utani usioisha, aliutazama ule mkonge akasema, "Dada Salama, hapa tunaezeka au tunanusa?"

Vigae vya mkonge ule vilivunjika kama biskuti, kwa sababu uzi mfupi mno hauna pa kujishikiza. Kesho yake nikakata ndefu. Nyuzi zikajisokota ndani ya mchanganyiko, tukatoa madonge yanayofanana na viota vya ndege. Yohana akaniuliza nitataga lini. Siku ya tatu nikapima kwa pingili mbili za kidole changu cha shahada, na kipimo hicho sikukiacha mpaka nastaafu.

Aliyenifundisha hesabu yenyewe alikuwa mkuu wa karakana, Dokta Mgaya. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye shati lililonyooshwa hata siku ya vumbi la Agosti. Siku moja nilimpelekea taarifa.

"Shikamoo Dokta. Kile kigae cha jana kimevunjika."

"Marahaba. Kabla ya kuvunjika kilikuwaje?"

"Kilikuwa kizima."

Akavua miwani. "Binti, hakuna kitu kinachotoka uzima na kuingia kuvunjika kwa hatua moja. Katikati kuna safari. Wewe niambie kigae kimeharibika kiasi gani, nami nitakwambia kimebakiwa na nini."

Hiyo ndiyo kazi nzima, wanangu. Mengine yote ni maelezo yake. Kigae kipya ukikiwekea mzigo kinapinda kidogo. Ukiutoa mzigo na kuurudisha, kikishakuwa na nyufa ndogo ndogo, kinapinda zaidi kwa mzigo uleule. Kimepoteza ukakamavu. Ile sehemu ya ukakamavu iliyopotea ndiyo tunayoiita uharibifu, na tunaiandika kama namba: sifuri kwa kigae kipya, moja kwa kigae kilichokwisha. Kinachobaki ni kutafuta kanuni ya hiyo safari kutoka sifuri hadi moja. Tulikuwa na nondo mbili za kulazia kigae, debe la mchanga la kuning'iniza katikati, na kipimo chenye mshale kama wa saa kilichosoma mpindo. Kompyuta ilikuwa moja, ofisini kwa Dokta. Tuliifunika khanga kwa ajili ya vumbi, na umeme ulikuwa unaikatiza kila ilipokaribia kutoa jibu.

Sasa niwaeleze yale yaliyotufanya tuijue kazi hii kwa lazima.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ninyi hamkuiona miaka ya kabla yake, saruji ilipokuwa ya kutafutwa kama dawa. Mara moja tu milango ikafunguliwa. Maduka ya barabara ya katikati ya mji, yaliyokuwa na rafu tupu na kalenda ukutani, yakajaa. Bati kutoka nje zikapangwa hadi barazani, zikimeta mpaka unafumba macho. Saruji ikaja kwa malori. Sisi karakana tulishangilia. Tulitengeneza vigae vyetu vya mkonge kwa saruji safi ya kijivu, bila kuibania, tukajiona tumefika Ulaya. Vya kwanza kabisa vya namna hiyo vilikwenda kuezeka zahanati ya Busi, wilayani Kondoa, kwetu. Nilijidai sana. Shangazi zangu wa upande ule waliambiwa na kila mtu kwamba paa lile ni la Salama.

Halafu paa la Salama likaanguka.

Halikuanguka lote. Mvua ya msimu wa pili ilipopita, mchana mmoja vigae vya upande wa mashariki vilikatika bila kutoa sauti yoyote ya onyo, vikashuka juu ya benchi la wajawazito. Mungu ni mkubwa, muuguzi alikuwa amewatoa nje dakika hiyo kuwafundisha kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Hakuna aliyeumia. Nilikwenda kuliona lile benchi lililopasuka. Muuguzi hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Dada, vilivyobaki navyo vitashuka?"

Swali lile lilinitesa kuliko lawama.

Siku chache baadaye afisa aliyekuwa akisimamia majengo ya umma, Bwana Mshana, alifika karakana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

"Dokta, nimeamua," alisema akiwa bado amesimama. "Vigae vyote vya mkonge vishushwe. Nianze na shule ya Kibakwe, kule Mpwapwa. Vile ni vya zamani kuliko vya Busi. Kama vipya vimeanguka, vya zamani vinasubiri nini?"

"Ukivishusha utaezeka nini?" Dokta aliuliza.

"Bati, fungu likipatikana."

"Na lisipopatikana?"

Sote tulijua halitapatikana. Shule ile wazazi walikuwa wameijenga wenyewe, mawe wakiyateremsha kwenye vilima vya Kibakwe kwa vichwa vyao. Kule mvua ni nyingi kuliko huku kwetu bondeni. Kulishusha paa karibu na masika ilikuwa ni kuwarudisha watoto nyumbani.

"Nipe muda hadi kabla ya mvua," Dokta alisema. "Huyu binti atakwambia vitadumu au havitadumu."

Huyu binti alikuwa mimi.

Tulileta vigae kutoka Busi na Kibakwe, nikaanza kupima. Kuna njia mbili za kigae cha namna hii kuharibika. Ya kwanza ni mzigo: upepo, mvua, fundi anayepanda juu. Ya pili ni umri. Saruji ikiwa mbichi na kila inapolowa, ina ukali kama wa magadi, na ukali huo unautafuna uzi wa mkonge polepole. Kila kulowa na kukauka ni tonge moja. Nikaandika hesabu yenye njia zote mbili, nikahesabu nyuzi zinazokatiza ufa, zimeelekea wapi, kila mmoja umezama kiasi gani. Kwa Busi, hesabu ilikaa sawasawa. Ilisema vigae vingekatika katika msimu wa pili, na kweli vilikatika.

Kwa Kibakwe, hesabu ilisema vigae vilipaswa kuwa chini muda mrefu uliopita. Lakini vilikuwa juu. Na nilipovipima, vilikuwa na ukakamavu karibu wote wa siku ya kwanza.

Nilirudia. Nikabadili kila kitu kinachoweza kubadilishwa. Yohana akawa ananiletea chai na kuondoka bila utani, nikajua hali ni mbaya. Nikaenda kwa Dokta.

"Hesabu yangu imekataa, Dokta. Inasema Kibakwe haipo."

"Umekwenda kuiona?"

"Ipo."

"Basi paa liko sahihi na wewe umesahau kitu. Acha karatasi. Nenda kavivunje, uangalie ndani."

Nikavivunja pale uani, jua likiwa kichwani, kimoja cha Busi na kimoja cha Kibakwe. Cha Busi kilikatika mara moja, ukingo laini. Nyuzi zake zilikuwa zimekatika sambamba na ufa, kahawia, zikisagika kidoleni kama jani la chai. Cha Kibakwe kilikataa kuachana. Niliposhinda, nyuzi zilichomoka ndefu, nyeupe, laini, zikabaki zimening'inia kama ndevu. Nikakisogeza karibu na uso. Na hapo niliona kitu nilichokuwa nimekitazama wiki nzima bila kukiona. Kigae cha Kibakwe hakikuwa kijivu. Kilikuwa na wekundu wa mbali, kama kucha za mtoto.

Nikapiga kelele. "Yohana! Yohana njoo! Matofali!"

Yohana alitoka mbio akidhani nimejikata. Alitazama kile kigae, akanitazama mimi, akakaa chini vumbini akacheka hadi machozi.

Nilikuwa nimeyatwanga mwenyewe. Yohana alikuwa amepokea mchi mkononi mwangu mikono iliponichubuka. Ile miaka ya dhiki, saruji ilipokuwa haipatikani, tulikusanya matofali ya kuchoma yaliyovunjika kwenye matanuri, tukayatwanga hadi unga, tukauchanganya ili saruji ienee. Tuliuonea haya. Wageni wakija tuliufunika kwa gunia. Saruji ilipofunguliwa, cha kwanza tulichokifanya ni kuutupa ule unga, na kwa hesabu zangu nikauondoa hata kwenye kumbukumbu, kama vile mtu anavyosahau viraka vya suruali yake ya shule. Kumbe ule unga wa tofali ndio uliokuwa ukinywa ukali wa saruji. Uliula ule ukali kabla ukali haujaula mkonge. Umaskini wetu ulikuwa umetengeneza kigae bora kuliko utajiri wetu, na sisi tukaona aibu!

Lakini kujua si kuthibitisha. Tulitengeneza vigae vya aina zote mbili, tukavitumbukiza majini na kuvianika, tena na tena. Hapo jua la Dodoma lilitusaidia bure. Linakausha kitu kabla hujamaliza kugeuza shingo. Vigae vya kijivu vilianza kulia vibaya nikivigonga, na vya wekundu viliendelea kulia kama chungu. Nikaingiza unga wa tofali kwenye hesabu, nikaiendesha kwenye ile kompyuta yetu isiyopenda umeme wa kukatikakatika, na mstari ukatoka. Dokta aliutazama, akasema, "Uchore mbele yao. Kabla, siyo baada."

Ndivyo tulivyokwenda Kibakwe.

Tuliikuta shule imejaa. Wazazi walikuwa wamekaa madirishani na watoto wameketi sakafuni. Mwalimu mkuu, Mwalimu Agripina, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha mlima usogee, alitupokea mlangoni. Bwana Mshana alikuwa ameshafika na lori la kubebea vigae vitakavyoshushwa. Lilikuwa limeegeshwa pale uwanjani, wazi, likitusubiri.

"Nani atachagua kigae?" niliuliza.

"Ninyi si ndio wataalamu," alisema Bwana Mshana.

"Hapana. Mkituona tunachagua mtasema tumechagua kizuri. Wachague wazazi."

Walipanda wakashusha kimoja kutoka kona inayopigwa na mvua. Tukakilaza juu ya nondo zetu mbele ya ubao. Nikachukua chaki. Nikachora mstari wangu wote: huku mzigo, huku mpindo. Ulipanda wima, ukapinda kona ndogo, ukaendelea kupanda taratibu, kisha ukainama. Nikaeleza.

"Kwenye kona hii mtasikia mlio. Huo ni ufa wa kwanza, msikimbie. Baada ya hapo kigae hakitaanguka, kitaendelea kubeba hadi hapa." Nikaweka alama ya mkato. "Na hapa ndipo mwisho wake. Ni zaidi ya mzigo wowote utakaokaa juu ya paa hili."

"Na kama siyo hivyo?" Bwana Mshana aliuliza.

"Lori lako liko pale nje."

Yohana alianza kumimina mchanga kwenye debe, kopo baada ya kopo. Mimi nikasoma mshale, na Mwalimu Agripina akaweka nukta ubaoni. Nukta ya kwanza ikaangukia kwenye mstari. Ya pili. Ya tatu. Watoto wakaanza kunong'onezana.

Halafu, *tak!*

Mzazi mmoja aliruka kutoka dirishani. Bwana Mshana alirudi nyuma hadi ukutani. Mwalimu Agripina hakusogea. Alitazama ubao, akatazama debe, akaweka nukta kwa nguvu hadi chaki ikakatika. Ilikuwa kwenye kona. Kwenye kona ileile.

"Endelea," aliniambia kwa sauti ya chini.

Tuliendelea. Kigae kilibeba. Tukautoa mzigo wote, kikanyanyuka karibu kama kilivyokuwa. Tukaurudisha, kikabeba tena. Chumba kizima kikawa kinashangilia kila nukta kama bao la mpira. Bwana Mshana alikuwa amekuja mbele bila kujitambua, ameinama pua yake ikikaribia kipimo.

"Kivunje," alisema. "Nataka nione mwisho."

Yohana akamimina. Nukta zikapanda kuelekea ile alama yangu. Zilipokaribia, kigae kikaanza kutoa sauti ya kitambaa kinachochanika pole, na kila aliyekuwa mle akasikia nyuzi zikichomoka moja moja, zikigoma, zikikubali. Kikainama. Nukta ya mwisho ikakaa juu ya alama, ikaifunika. Na hata hapo hakikuanguka. Kilikunjika katikati, kikabaki kimeshikiliwa na zile ndevu nyeupe, kinabembea juu ya debe la mchanga mbele ya watoto wote.

Sijui nani alianza vigelegele. Najua havikuisha haraka. Mwalimu Agripina alinishika mabega akanitikisa kama anayepepeta. Bwana Mshana alifuta jasho, akatoka hadi kwa dereva wake, tukamwona kupitia dirishani akimpungia mkono aondoke. Lile lori likatoka tupu, watoto wakilikimbiza.

Alipoingia tena aliuliza, "Na Busi?"

"Busi tushushe vyote," nilisema. "Ninakuhakikishia vile vitaanguka kama ninavyokuhakikishia hivi havitaanguka. Tutakuezekea vya tofali."

Na tuliezeka. Muuguzi wa Busi nilimpelekea jibu lake mwenyewe, kwa mdomo wangu, na paa lile limezeeka pamoja nami. Karakana iliyokuwa ifungwe kwa sababu ya bati za nje ilipata kazi Kondoa, Mpwapwa na kwingine, na unga wa tofali haukufunikwa gunia tena. Nilishinda, wanangu. Sioni haya kulisema, nanyi mkishinda msione haya. Utabiri uliochorwa kabla, mbele ya watu waliokuja na lori, ukakaa nukta kwa nukta: hiyo ni furaha ambayo wengi hustaafu bila kuionja.

Jioni ile tuliteremka kutoka vilima vya Kibakwe na Landrova yetu, Yohana akiendesha, mimi nyuma na kile kigae kilichokunjika miguuni. Dokta Mgaya alikaa mbele. Tulipofika kwenye tambarare kabla ya Mpwapwa, nikasikia mtu anavuma. Nilidhani ni injini. Alikuwa ni Dokta. Akafungua mdomo akaimba, wimbo wa kwaya ya kanisani kwao, kwa sauti mbaya kupindukia, akipigapiga mlango kwa kiganja. Yohana akaupokea. Mimi Mwislamu sikuyajua maneno yake, lakini makofi nayajua, nikapiga makofi hadi Mpwapwa.